Maji ya Bwawa Yamebaki Meupe Baada ya Kuua Mwani: Njia Nne Zikilinganishwa

Ukijani umeondoka, klorini ikipimwa ipo, lakini sakafu ya upande wa kina haionekani. Maji yameshika weupe wa maziwa, siku ya tatu inaingia ya nne, na hayabadiliki. Hapa ndipo wenye mabwawa wengi huanza kumimina chupa moja juu ya nyingine, na kazi ya siku 5 ikageuka ya wiki 3.

Kinachoelea humo ni mabaki ya mwani. Seli moja moja iliyokufa mara nyingi ina upana wa maikroni chache tu, ilhali unywele wa binadamu una kama 70. Kwa udogo huo haizami kwa muda wa maana. Tena uso wa kila chembe hubeba chaji hasi, kwa hiyo chembe zikikaribiana husukumana badala ya kushikamana. Basi dawa ni mojawapo ya mambo mawili: ama kuzinasa zikiwa ndogo hivyo hivyo, ama kuzikusanya ziwe kubwa ndipo zitolewe.

Njia zinazotumika ni nne: kukiacha kichujio kifanye kazi mchana na usiku, kutia dawa ya kung'arisha, kuzamisha uchafu kwa shabu, na kuongeza unga wa diatomaiti ndani ya kichujio cha mchanga. Zote hufanya kazi zikiwekwa mahali pake. Msimamo wetu tuuseme mapema: mwenye kichujio cha mchanga aanze na kichujio chenyewe, na akitaka kasi aongeze diatomaiti. Shabu ni ya mwenye haraka ya kweli, mwenye vali ya kumwaga nje na maji ya kutosha ya kujazia. Dawa ya kung'arisha ni ya kufuta ukungu mwepesi wa mwisho, si ya kuanzia. Na hakuna hata moja kati ya hizo inayofaa kabla ya kuthibitisha kwamba mwani umekufa.

Mwani umekufa kweli?

Kutia dawa ya kung'arisha kwenye maji ambayo mwani wake bado unaishi ni kutwanga maji kinuni. Unakusanya chembe asubuhi, mwani unazaa nyingine mchana. Rangi haitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu mwani uliopungua sana huweza kuonekana mweupe au kijivu huku ungali hai.

Kipimo kinachoaminika ni cha usiku mmoja. Pima klorini huru, yaani ile iliyo tayari kuua, baada ya jua kuondoka kabisa juu ya bwawa, angalau saa moja tangu utie klorini ya mwisho, pampu ikiwa inazunguka. Pima tena alfajiri kabla jua halijachomoza. Usiku hakuna mwanga wa jua wa kuvunja klorini, kwa hiyo ikipungua, kuna kitu kinaila. Ikishuka kwa zaidi ya 1 mg/l, mwani au uchafu mwingine wa viumbe bado upo na kazi ya klorini haijaisha. Ikishuka kwa 1 mg/l au chini yake, na klorini iliyofungamana, yaani ile iliyokwisha kushikana na uchafu, ikawa 0.5 au chini yake, mwani umekufa. Sasa una tatizo la chembe tu, na ulinganisho huu unakuhusu.

Kama hujafika hapo, rudi nyuma. Shusha pH hadi 7.2 kwanza, kisha pandisha klorini huru hadi asilimia 40 ya stabilaiza iliyomo, yaani asidi ya sayanuriki, inayoikinga klorini na jua. Stabilaiza ikiwa 30 mg/l, klorini iwe 12. Ikiwa 50, klorini iwe 20. Ishikilie hapo kwa kupima na kuongeza mara kadhaa kwa siku mpaka kipimo cha usiku kipite. Kwa bwawa la mita za ujazo 50, kupandisha klorini kwa 10 mg/l kunahitaji gramu 500 za klorini halisi. Hiyo ni kama lita 4.2 za klorini ya maji ya asilimia 12, au gramu 770 za kalsiamu haipokloraiti ya asilimia 65. Vidonge na unga wenye stabilaiza ndani viepuke katika hatua hii: kila 10 mg/l za klorini zinazotoka kwenye vidonge vya trikloro huacha kama 6 mg/l za stabilaiza, na unga wa dikloro huacha kama 9, nayo haipungui kwa kuchuja. Ndivyo watu wanavyojikuta na stabilaiza 100 na lengo la klorini 40, lengo ambalo kulishikilia ni shida tupu. Ukiwa hapo, mwaga nusu ya maji kwanza, ujaze mapya, halafu ndipo uanze.

Kuna mtego mmoja wa vipimo. Kipimio cha DPD kinachogeuka waridi huweza kufutika rangi klorini ikizidi 10 mg/l hivi, na mtu akasoma sifuri wakati klorini imejaa tele. Changanya sehemu 1 ya maji ya bwawa na sehemu 4 za maji yasiyo na klorini, pima, zidisha jibu kwa 5. Katika kiwango hicho hicho cha klorini, kipimo cha pH nacho hudanganya kwa kusoma juu, kwa hiyo usitie asidi kwa kukifuata. Subiri klorini ishuke chini ya 10.

Kabla ya kuendelea, chota maji kwenye glasi mbili safi. Glasi ya kwanza iache itulie: maji yakianza kuangaa kutoka chini kwenda juu ndani ya dakika moja au mbili, ule weupe ulikuwa hewa, na tatizo liko kwenye mpira wa kifuniko cha pampu au kiungo kinachovuja upande wa kuvuta. Glasi ya pili idondoshee asidi kidogo, hata siki. Maji yakiangaa papo hapo, ulichonacho ni kalsiamu kaboneti, si mwani. Hali hii huwapata hasa waliotumia kalsiamu haipokloraiti kwa wingi katika maji magumu yenye pH ya juu, maana kila 10 mg/l za klorini hiyo huongeza kama 7 mg/l za ugumu. Tiba yake ni kushusha pH hadi 7.2 na kuendelea kuchuja. Huhitaji shabu wala kitu kingine. Glasi ikibaki na weupe ule ule baada ya majaribio yote mawili, endelea kusoma.

Kichujio peke yake

Hii ndiyo njia ya polepole kuliko zote na ndiyo isiyoharibu kitu. Kasi yake inategemea aina ya kichujio. Mchanga hunasa chembe za maikroni 20 hadi 40, katriji (kichujio cha kitambaa chenye mikunjo) 10 hadi 20, na kichujio cha diatomaiti 3 hadi 5. Ndiyo maana mwenye kichujio cha diatomaiti huona sakafu ndani ya siku 1 hadi 3, wa katriji siku 3 hadi 7, na wa mchanga siku 4 hadi 10, mwani ukiwa umekufa na pampu ikizunguka saa 24.

Watu hukata tamaa kwa sababu ya hesabu moja wasiyoijua. Pampu ya mita za ujazo 10 kwa saa huzungusha bwawa la 50 kwa saa 5, lakini maji yaliyochujwa hurudi na kuchanganyika na machafu. Baada ya mzunguko wa kwanza ni kama asilimia 63 tu ya maji iliyopita kwenye kichujio. Baada ya miwili ni 86, mitatu 95, minne 98. Hapo bado mchanga hunasa sehemu tu ya chembe kila zinapopita. Kwa hiyo anayewasha pampu saa 6 kwa siku na kuzima usiku anajirefushia kazi mara nne.

Mambo yanayoleta tofauti ni haya. Piga brashi kuta na sakafu kila siku, nyuma ya ngazi, ndani ya shimo la taa na kooni mwa skima (mdomo wa ukingoni unaovuta maji ya juu), maana chembe zilizotua hazichujwi. Osha kichujio cha mchanga kinyume, yaani kwa kurudisha maji nyuma mchangani na kuyamwaga nje, pale tu geji ya presha inapopanda kwa 0.5 ba juu ya presha yake ya usafi: ikiwa safi husoma 0.7, osha ikifika 1.2. Kuosha mapema na mara kwa mara ni kosa. Mchanga ulioshika uchafu kidogo hunasa chembe ndogo kuliko mchanga uliotoka kuoshwa, kwa hiyo anayeosha kila asubuhi "ili usaidie" anarudisha kichujio chake kwenye hali dhaifu kila siku. Zima pampu kabla ya kugusa mkono wa vali, osha dakika 2 hadi 3 mpaka kioo cha vali kiangae, zima, weka nafasi ya kusuuza kwa sekunde 30 hadi 60, zima tena, ndipo urudi kuchuja. Ukiruka kusuuza, uchafu uliobaki kwenye mabomba hurudi bwawani kama wingu jeupe.

Katriji huziba haraka zaidi wakati huu, pengine kila baada ya saa chache siku ya kwanza. Ioshe kwa hosi ya kawaida kutoka juu kwenda chini, mkunjo kwa mkunjo. Mashine ya maji ya nguvu huchana kitambaa chake. Kuwa na katriji ya pili, ukibadilishana moja ikikauka nyingine ikifanya kazi, hufupisha shughuli kuliko dawa yoyote utakayonunua.

Kama pampu yako hubadilisha mwendo, ipunguze kidogo mradi skima iendelee kuvuta. Maji yakipita mchangani polepole, chembe hunaswa vizuri zaidi.

Dawa ya kung'arisha

Ni polima yenye chaji chanya. Huzishika chembe zenye chaji hasi, zikafanya vibonge vidogo ambavyo kichujio huweza kuvinasa. Haizamishi uchafu sakafuni, na bila kichujio kizuri haina faida. Pampu lazima izunguke mfululizo, na matokeo huonekana kati ya siku 2 na 5.

Dozi yake ni ndogo, mililita chache kwa kila mita ya ujazo kama lebo isemavyo, na lebo hiyo ifuatwe bila kuongeza hata kifuniko kimoja. Polima ikizidi, kila chembe hufunikwa na chaji chanya, na chembe huanza kusukumana upya kama mwanzo. Maji yanabaki na ukungu ambao sasa hata dozi sahihi haiuondoi, na ziada yake hugandamana na mchanga au kuziba kitambaa cha katriji. Aliyezidisha hana njia ya mkato: ni kuchuja, kuosha kichujio na kubadilisha sehemu ya maji.

Isubiri klorini irudi kwenye kiwango cha kawaida kabla ya kuitia, maana klorini ya juu sana huvunja baadhi ya polima hizi. Mahali pake hasa ni pale sakafu inapoonekana lakini maji hayameti. Kwa maji yaliyojaa weupe kabisa, hukusanya uchafu mwingi kuliko kichujio kinavyoweza kubeba, presha ikapanda kila saa mbili.

Shabu

Shabu ya mabwawa ni salfeti ya aluminiamu. Ikiingia kwenye maji yenye alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe) ya kutosha hugeuka kuwa mabonge mepesi kama pamba, yanayoshuka polepole yakikumba kila chembe njiani. Ukiamka asubuhi unakuta maji yameangaa na sakafu imefunikwa na blanketi la kijivu. Hakuna njia nyingine inayoonyesha matokeo makubwa hivyo kwa usiku mmoja, na hakuna nyingine inayoadhibu uzembe kama hii.

Dozi ya kawaida ni kama gramu 50 kwa mita ya ujazo, yaani kilo 2.5 kwa bwawa la 50. Kila 1 mg/l ya shabu hula kama 0.5 mg/l ya alkalini, kwa hiyo dozi hiyo itaondoa kama 25. Ukianza na alkalini ya 60, pH itaporomoka, mabonge hayatajiunga, na utabaki na maji meupe yenye aluminiamu ndani. Anza na alkalini ya 100 au zaidi na pH kati ya 7.2 na 7.6. Bikaboneti ya sodiamu, gramu 1.7 kwa mita ya ujazo, hupandisha alkalini kwa 1 mg/l. Kurudisha zile 25 katika bwawa letu ni kilo 2.1. Upande wa pili nao una hatari: pH ikizidi 8, sehemu ya aluminiamu hubaki imeyeyuka, kisha huganda baadaye pH ikishuka, na ukungu hurudi wakati ulidhani umemaliza.

Jaza bwawa hadi juu kabisa ya skima, kwa sababu maji mengi yatatoka. Weka vali kwenye nafasi ya kuzungusha, ambayo hupeleka maji bila kupita kwenye mchanga. Hili ndilo jambo la kutokosea. Mabonge ya shabu yakiingia mchangani kwa wingi huugandisha ukawa mabumba, na kwenye katriji huziba mikunjo kiasi cha kuitupa. Yeyusha shabu kidogo kidogo, kama gramu 250 katika ndoo ya lita 10 za maji, umwage kuzunguka bwawa lote. Vaa miwani na glavu. Acha maji yazunguke saa moja hadi mbili, kisha zima pampu. Kwa saa 12 hadi 24 asiingie mtu, asiguse maji, na kama una roboti ya kusafisha itoe nje. Upepo mkali hutosha kuzuia mabonge yasitue, kwa hiyo chagua usiku uliotulia.

Kufyonza ndiko kunakoamua. Vali iwe kwenye nafasi ya kumwaga nje, hosi ijazwe maji kwanza isiingize hewa, na kichwa cha kufyonzea kisukumwe polepole sana, kila mkupuo ukipanda kidogo juu ya uliopita. Ukiona vumbi linanyanyuka, simama, zima, subiri saa kadhaa litue. Anayeharakisha hulitibua blanketi lote na kulazimika kulala usiku mwingine akingoja. Fungulia hosi ya kujazia wakati huo huo ili maji yasishuke chini ya skima. Kwa bwawa lenye uso wa mita za mraba 32, kila sentimita 10 zilizoshuka ni mita za ujazo 3.2, na kazi nzima hutumia 3 hadi 5. Maji hayo yasielekezwe mtoni wala kwenye mfereji wa mvua, kwani klorini huua samaki. Ukimaliza, pima alkalini na pH upya, usawazishe, ndipo urudi kuchuja.

Asiye na nafasi ya kumwaga nje, kama ilivyo kwa mifumo mingi ya katriji, anaweza kufunga kichwa cha kufyonzea kwenye pampu ndogo ya kuzamishwa na kumwaga kwa hosi yake. Inawezekana, ila ni kazi ya subira. Kutumia roboti badala yake hakufai, kwa kuwa mabonge hupita kwenye mfuko wake na kurudi majini.

Unga wa diatomaiti ndani ya kichujio cha mchanga

Njia hii hutajwa mara chache kuliko inavyostahili. Unga wa diatomaiti ni mabaki ya magamba ya viumbe wadogo wa majini, yenye matundu madogo sana. Ukitandazwa juu ya mchanga kama ngozi nyembamba, kichujio cha mchanga hunasa chembe ambazo kingeziachia, na maji yaliyogoma wiki nzima mara nyingi huangaa ndani ya siku 1 hadi 3. Hutii kitu kinachobaki majini, hubadilishi pH, hupotezi maji zaidi ya yale ya kuosha kichujio.

Osha kichujio kinyume, suuza, rudi kuchuja, andika presha. Koroga kikombe kimoja cha unga, kama gramu 80 hadi 100, kwenye ndoo ya maji mpaka uwe uji mwepesi. Mimina polepole ndani ya skima pampu ikizunguka, subiri dakika 5 hadi 10, angalia geji. Endelea kwa vikombe vidogo mpaka mshale usogee kidogo tu, kama 0.07 ba, kisha uache. Ukiutia wote kwa pamoja, uso wa mchanga huziba na mtiririko hufa. Presha ikipanda kwa 0.5 ba, osha kinyume na urudie dozi ile ile. Siku ya kwanza huenda ukaosha mara mbili au tatu.

Vaa barakoa wakati wa kuchota. Unga wa mabwawa umechomwa na una silika ya fuwele, na vumbi lake si la kuvuta pumzi. Ukishalowa hatari hiyo huisha. Anayetaka kuliepuka vumbi kabisa atumie nyuzi za selulosi zinazouzwa kwa kazi hii hii. Kwa katriji usiutie: hujikita mikunjoni na kuitoa ni tabu.

Unga huu una faida nyingine kubwa. Ukiumimina na wingu jeupe likatokea kwenye tundu la kurudishia maji, na lisiishe baada ya dakika chache, umegundua kwamba kichujio chako kinavuja kwa ndani, na hiyo ndiyo sababu hakuna dawa iliyokusaidia.

| | Kichujio pekee | Kung'arisha | Shabu | Diatomaiti |
|---|---|---|---|---|
| Muda, mwani ukiwa umekufa | Siku 1–10 kwa aina ya kichujio | Siku 2–5 | Siku 1–2 | Siku 1–3 |
| Kichujio kinachofaa | Chochote | Mchanga, katriji kwa tahadhari | Chochote, ila uchafu usikipitie | Mchanga tu |
| Maji yanayopotea (mita za ujazo), bwawa la 50 | Kama 0.5 kila uoshapo mchanga | Kama 0.5 kila uoshapo | Mita za ujazo 3–5 | Kama 0.5 kila uoshapo, mara nyingi zaidi |
| Kosa la kawaida | Kuosha mapema mno, kuzima usiku | Kuzidisha dozi | Alkalini ndogo, kufyonza kwa pupa | Kutia unga wote kwa pamoja |
| Likitokea kosa | Unapoteza muda | Ukungu mgumu, kichujio kilichogandamana | Mchanga au katriji kuharibika | Presha kupanda, osha na uanze upya |

Uchague ipi

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio tunaoupa uzito zaidi. Njia mbili za pembeni, ya kichujio pekee na ya diatomaiti, zikikosewa unapoteza saa chache. Mbili za katikati zikikosewa unaweza kupoteza mchanga, katriji au maelfu ya lita za maji. Ndiyo sababu kwa kichujio cha mchanga tunapendekeza siku 2 za kuchuja mfululizo, kisha diatomaiti ikiwa hakuna maendeleo. Maendeleo yapimwe, yasikisiwe: hesabu ngazi zinazoonekana, au funga sahani nyeupe kwenye kamba yenye alama na uandike kila asubuhi inapotoweka machoni. Sentimita 15 zaidi kwa siku ni mwendo mzuri, na aliye kwenye mwendo huo asiongeze kitu.

Mwenye katriji hana uchaguzi mpana. Abadilishane katriji mbili, apige brashi, na dawa ya kung'arisha aitie nusu dozi mwishoni tu. Mwenye kichujio cha diatomaiti aoshe, atie unga mpya, arudie, na dawa zote nyingine aziache.

Shabu iwe jibu pale bwawa linapohitajika ndani ya siku 2, au uchafu uliokufa ni mwingi mno kiasi kwamba kichujio kinaziba kila saa. Pale maji ya kujazia ni haba au magumu sana, isahau. Kama kuna majani yaliyooza chini, yatoe kwa wavu kwanza hata kama unavua bila kuona, kwa sababu hula klorini na shabu haiyagusi.

Usichanganye njia kwa wakati mmoja. Shabu juu ya dawa ya kung'arisha iliyozidi huweza kutojiunga, na diatomaiti ikifuata polima hugandamana nayo kuwa gamba. Dawa ya mwani yenye shaba haina nafasi hapa: haiondoi chembe, na shaba huacha madoa kwenye kuta. Dawa ya kuondoa fosfeti nayo huleta weupe wake yenyewe, kwa hiyo isubiri.

Hakuna kinachofanya kazi

Kipimo cha usiku kimepita, asidi kwenye glasi haikubadilisha kitu, siku 10 za kuchuja zimeisha na sahani inatoweka pale pale. Sasa shuku kichujio. Tazama bomba la kumwaga nje vali ikiwa kwenye kuchuja: likitiririsha, gasketi ya ndani ya vali yenye umbo la buibui imelegea au kukatika, na maji machafu yanaweza kuvuka kwenda bwawani bila kugusa mchanga. Mchanga ukionekana sakafuni karibu na tundu la kurudishia, mkono mmoja wa kukusanyia maji chini ya kichujio umevunjika.

Kama vyote viko sawa, fungua kichujio uchimbe kwa mkono. Mchanga mzima hulegea kama wa ufukweni. Ukikuta mabumba magumu au mashimo yaliyochongwa na maji, maji yamekuwa yakipita njia hizo bila kuchujwa. Mara nyingi sababu ni nguvu ndogo ya kuosha. Kichujio chenye kipenyo cha sentimita 60 huhitaji kama mita za ujazo 11 kwa saa ili mchanga unyanyuke, na pampu dhaifu huuosha juu juu tu. Mchanga wa miaka 5 hadi 7 ubadilishwe tu, kwa ukubwa wa chembe ulioandikwa na mtengenezaji wa kichujio.

Kubadilisha maji kwa wingi hubaki kwa wale wenye stabilaiza iliyopanda sana au polima iliyozidi. Mwaga theluthi hadi nusu, usimalize. Bwawa tupu katika udongo wenye maji chini huweza kuinuliwa likapasuka.

Kabla mtu hajaingia

Asiingie mtu mpaka tundu la kuvutia maji lililo chini kabisa lionekane wazi ukiwa umesimama ukingoni, hata kama klorini na pH ni sahihi. Mtu aliyezama katika maji meupe haonekani, na mwokoaji hana pa kuanzia. Pia klorini iwe imeshuka chini ya kile kiwango cha asilimia 40 ya stabilaiza, na pH iwe kati ya 7.2 na 7.8.

Kemikali zilizobaki zitenganishwe ghalani. Kalsiamu haipokloraiti ikigusana na vidonge vya trikloro huweza kuwaka moto au kulipuka, na asidi ikikutana na klorini yoyote hutoa gesi ya sumu. Kila kemikali iwe na kikombe chake kikavu, na daima kemikali itiwe kwenye maji, maji yasitiwe juu ya kemikali.

Kwa wiki ya kwanza pima kila jioni na usiruhusu klorini huru ishuke chini ya asilimia 7.5 ya stabilaiza: kama 2.3 mg/l kwa stabilaiza ya 30, kama 4 kwa ya 50. Taa za bwawa na ngazi zinazofunguka zitolewe mara moja zisuguliwe nyuma, kwa kuwa mwani ukirudi, huanzia huko.